Mswada umeisha, usiutume bado: vile mtu wa huku anaweza kujenga kazi ya riwaya akishirikiana na wahariri

Kama umeandika neno la mwisho la riwaya yako wiki hii, uko Kisumu ama Kakamega ama Nakuru, na kidole kiko karibu kubonyeza kitufe cha kutuma, ngoja kwanza. Weka mswada kando mwezi mzima, usiufungue kabisa, andika kitu kingine, soma vitabu vya watu. Najua ni ngumu juu bado uko na moto. Lakini macho yaliyoandika hiyo kitu bado yanaona story iliyo kichwani, hayaoni ile iko kwa peji, na mhariri yeye atasoma ile iko kwa peji peke yake.

Naanzia hapo kwa sababu mimi nimehaririwa na nimehariri miswada ya watu wa huku kwetu, na nimeona vipaji vingi sana, watu wanaandika mpaka unasimama kusoma, lakini wanatoa kitabu kimoja na kunyamaza. Wale wanaofika cha pili na cha tatu karibu wote wana tabia moja, wanajua kukaa na mhariri. Hiyo inafundishika, na ndo nataka tuongelee hapa.

Sasa mwezi ukiisha enda saiba utoe kopi, fonti ya 12, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi. Kwa skrini ya simu ama laptopu jicho linateleza tu. Soma kwa sauti ukiwa na kalamu, na mahali ulimi unajikwaa weka alama tu uendelee, usianze kurekebisha hapo hapo, juu ukianza kupiga msasa chapta ya kwanza hutawahi kujua kama kitabu kizima kinasimama. Mazungumzo ndo usome kwa sauti zaidi. Utasikia wahusika watano wote wanaongea kama wewe.

Wasomaji wa kwanza

Tafuta watu wawili watatu wakusomee kabla mhariri yeyote hajauona. Mamako na bwanako ama bibi yako wasiwe kwa hiyo orodha, wanakupenda na hawatakuambia. Unataka mtu anayesoma riwaya kwa hiari yake. Ukisema huku hakuna watu kama hao nitakukatalia, maktaba ya taifa, KNLS, iko na tawi Kisumu, Nakuru na Kakamega, na wanaoazima riwaya huko wanajulikana. Kuna wanafunzi wa fasihi kwa vyuo vikuu, Maseno, Egerton kule Njoro, Masinde Muliro. Unaweza kubadilishana na mwandishi mwenzako pia, wewe umsomee yeye akusomee.

Usimuulize mtu "umeionaje?" Atasema ni poa. Muulize uliweka karatasi chini wapi ukaenda kufanya kitu kingine? Kuna mhusika ulimsahau akirudi? Ukifika katikati ulidhani nini itafanyika? Kama wawili kati ya watatu wamechoka peji ile ile, hata kama kila mmoja anatoa sababu yake, hapo kuna shida. Sababu zao unaweza kukataa, lakini hiyo peji uirudie.

Kutuma

Chukua riwaya kadhaa za miaka ya karibuni unazopenda, fungua kurasa za mbele uone nani alichapisha, halafu soma shukrani. Waandishi wengi humtaja mhariri wao hapo, na hapo ndo unapata jina la mtu badala ya kuandikia "kwa yeyote anayehusika."

Pia ujue unatuma wapi. Kampuni kubwa za vitabu Kenya nyingi ziko Nairobi na chakula chao ni vitabu vya shule. Kuanzia 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, kitabu kimoja kwa kila somo, na kampuni ambayo kitabu chake hakikuchaguliwa ikakosa lile soko. Kampuni ikibanwa hivyo, riwaya ambayo haiko shuleni inakuwa kamari kwao. Kwa hivyo jibu la hapana mara nyingi ni hesabu zao tu, wewe hujatukanwa. Na kuna hii tabia ya kuandika ukilenga KICD, ile taasisi ya mitaala, waichague iwe kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mimi naikataa waziwazi. Vitabu vinavyochaguliwa ni vichache mno na mtu akiandika akiwa na hiyo hofu anaanza kuwavua wahusika wake kila kitu chenye uhai, mlevi anaongea kama mhubiri, kijana wa boda anatoa methali tatu kwa sentensi moja.

Kila kampuni ina maagizo yake kuhusu kutuma, yasome na uyafuate yote. Mara nyingi wataomba barua ya peji moja, muhtasari, na chapta tatu za kwanza. Kwa muhtasari toa mwisho wa hadithi. Watu hupenda kuandika "soma ujue kilichompata," lakini mhariri anataka kujua kama unaweza kufunga kile ulichofungua. Barua nayo iwe fupi, kitu kama hiki:

"Habari Bi. (jina lake). Ninaishi Kisumu na ninafundisha shule ya upili. Ninakutumia muhtasari na sura tatu za riwaya yangu ya Kiswahili yenye maneno 62,000. Mjane wa mvuvi huko Usenge anagundua baada ya mazishi kuwa mumewe aliacha deni la mashua, na anayemdai ni wifi yake mwenyewe. Mswada wote uko tayari. Asante kwa muda wako."

Hiyo inatosha. Usiandike kuwa hakuna riwaya kama hiyo Afrika Mashariki. Usieleze maana ya kitabu. Ukituma kwa kampuni zaidi ya moja waambie, hakuna aibu. Subiri miezi mitatu hivi ndo ukumbushe kwa heshima, mara moja. Kupiga simu kila Jumatatu kunafanya watu wakukwepe.

Wakikipenda kidogo, mara nyingi watampa msomaji wa nje aandike ripoti. Hiyo ripoti wakikutumia, hata kama imeisha na hapana, umepata kitu watu hulipia. Isome jioni moja, uifunge, uirudie baada ya siku kadhaa ukiwa umetulia.

Wahariri si mtu mmoja

Hapa watu huchanganyikiwa sana. Kuna mhariri wa kwanza ambaye ndiye anaamua kama kampuni itachukua kitabu, ndiye anaenda kukutetea kwa mkutano mbele ya watu wa mauzo. Kuna uhariri wa muundo, huo unaangalia ploti, wahusika, mahali hadithi inalala, nani anasimulia na kwa nini. Halafu uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi, sarufi, tahajia, kurudiarudia. Mwisho ni prufu, kitabu kimeshapangwa kwa kurasa na mtu anatafuta makosa yaliyobaki. Kwa kampuni ndogo mtu mmoja anaweza kufanya hizo zote, lakini bado ni kazi tofauti na zina mpangilio wake.

Kwa hivyo ukitaka kumuua mhusika ama kuongeza chapta, sema wakati wa muundo. Ukifika prufu usiongeze aya. Ukiongeza aya moja peji ya 40 kila kitu nyuma yake kinasukumwa na kazi inarudi kwa mpangaji wa kurasa, na mikataba mingine inasema mabadiliko ya mwandishi yakizidi kiasi fulani kwa prufu gharama inakatwa kwa pesa zako.

Na hii fikra ya kwamba mhariri ni mtu wa Nairobi asiyejali kwetu, jamani, tuiache. Henry Chakava alizaliwa Vihiga. Aliingia kampuni ya vitabu ya Heinemann hapa Kenya kama mhariri mwaka 1972, na 1992 akainunua ile kampuni ikawa East African Educational Publishers. Alipochapisha kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Gĩkũyũ alitishwa, akavamiwa na kujeruhiwa kidole, na hakuacha. Alifariki Machi 2024. Huyo alikuwa mhariri. Mimi nikipata komenti ya kunikasirisha huwa namkumbuka, najua kuna watu wa hiyo kazi ambao wameumia kwa ajili ya vitabu ambavyo hata jina lao haliko kwa jalada.

Kujibu komenti, hapa ndo kazi iko

Mswada utarudi kwa Word umejaa rangi na komenti pembeni. Fanya hivi. Soma zote mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Funga laptopu. Kaa siku mbili. Usimwandikie mhariri wala kumpigia siku hizo mbili, hasira ya siku ya kwanza karibu kila mtu hupata na huwa inaisha.

Ukirudi, gawanya komenti kwa makundi matatu. Zile unakubali, fanya zote kwanza, ziko nyingi kuliko ulivyodhani. Zile huelewi, uliza. Zile unakataa, andika sababu sentensi moja ama mbili kando ya hiyo komenti. Usinyamaze tu na kuirudisha kama ilivyokuwa, mhariri atadhani hukuona na ataiweka tena.

Kitu cha maana kuliko vyote ni hiki: mhariri akikuambia fanya A, tafuta ile shida iliyomfanya aseme A. Mara nyingi yuko sawa kabisa kuhusu mahali panapouma, lakini dawa anayotoa inaweza isiwe yako, wewe ndo unajua hao watu wa hadithi. Tuseme umeandika matanga, peji kumi na nne, watu wanafika, wanapika, waombolezaji wanaimba, kuna disko matanga usiku, na mhariri ameandika "ondoa chapta hii yote." Utasikia uchungu juu hiyo chapta ndo ya nyumbani kabisa. Muulize, ulichoka wapi? Atakuambia, peji ya nne, sikujua tena nafuata nani wala anataka nini. Aha, kumbe shida si matanga. Shida ni kwamba ule ugomvi wa shamba kati ya ndugu wawili umeuficha mpaka peji ya kumi na mbili. Ulete peji ya kwanza, hao ndugu wafike wakiwa hawasalimiani, na sasa kupika na kuimba na disko vyote vinasomwa kwa wasiwasi kwa sababu msomaji anangoja waonane uso kwa uso. Chapta imebaki, imeshuka hadi labda peji tisa, na mhariri ameridhika bila wewe kukata kitu unachopenda.

Mfano mdogo wa sentensi. Mwandishi ameandika:

"Nyangoma aliingia ndani ya nyumba akamwona mamake ameketi chini akilia na akahisi huzuni kubwa sana moyoni mwake."

Mhariri ameandika pembeni: "Huzuni unaniambia, sijaiona." Wengine hapo huongeza maneno, huzuni inakuwa huzuni nzito isiyo na kifani. Rudi kwa hiyo nyumba uangalie kuna nini:

"Nyangoma alisukuma mlango. Mamake alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na ile kabambe bado inaita mkononi mwake."

Hakuna neno huzuni hapo. Lakini sasa msomaji anataka kujua nani anapiga na kwa nini mama hashiki, na atafungua peji ya pili. Hiyo komenti ya maneno matatu ndo imezaa hiyo, na kwa mswada mmoja unaweza kupata komenti mia kadhaa za hivyo.

Kukataa pia ni haki yako, na mhariri mzuri anategemea ukatae mara moja moja. Mimi huwaambia watu wachague vitu vichache ambavyo watavipigania kufa kupona, labda mwisho wa kitabu, jina la mhusika, sauti ya msimulizi. Kwingine legea. Ukipigania kila koma, siku ya kupigania mwisho wa kitabu hakuna atakusikiza.

Kiswahili chetu na Kiswahili cha mhariri

Hii inasumbua sana waandishi wa huku. Watu wetu hawaongei kama kitabu cha sarufi, mama wa samaki Dunga anaongea vile anaongea, makanga wa stage ya Kondele pia, na kijana wa Free Area kule Nakuru ana sheng yake. Halafu mswada unaenda kwa mhariri na unarudi wote wanaongea sanifu safi kama watangazaji wa taarifa ya habari.

Malizeni hiyo mapema. Kabla uhariri wa lugha haujaanza, mtumie mhariri karatasi ya maamuzi, peji moja mbili hivi. Andika msimulizi anatumia sanifu. Andika nani anaongea sheng, nani anachanganya Dholuo ama Kiluhya, nani ni mwalimu wa zamani na hakosei hata ngeli. Andika majina yote na vile yanaandikwa, umri wa kila mtu na mwaka aliozaliwa, majina ya mitaa. Andika kama maneno ya Dholuo yatalazwa kwa mlazo ama yatakaa wima kama mengine. Mhariri akishakuwa na hiyo karatasi, makosa ya mhusika hatayasahihisha tena, na makosa yako ndo atayaona vizuri zaidi. Na wewe uwe mkweli, usijifiche nyuma ya mhusika, kama msimulizi wako amekosea upatanisho hilo ni kosa tu, rekebisha. Kamusi ikae mezani.

Kuhusu mila ambazo msomaji wa Mombasa hazijui, mimi sipendi tanbihi ndani ya riwaya. Weka mtu mgeni kwa hiyo nyumba, shemeji kutoka mbali, mtoto aliyelelewa mjini, amwulize mtu ama akosee hatua, na msomaji atajifunza pamoja naye.

Miaka na pesa ndani ya hadithi

Mhariri akikushika hapa shukuru sana, juu wasomaji wa huku hawasamehi. Mhusika hawezi kutuma M-Pesa mwaka 2005, ilianza Machi 2007. Hawezi kwenda ofisi ya gavana mwaka 2010, serikali za kaunti zilikuja baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kabla ya hapo kulikuwa na mikoa na wilaya. Nakuru imekuwa jiji 1 Desemba 2021, kwa hivyo story ya 1995 iite mji. Kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ni 1988. Zile noti za zamani za elfu moja zilikoma kutumika mwisho wa Septemba 2019, na kama babu amezificha kwa paa mpaka 2020 hapo hata una ploti nzuri. Tengeneza kalenda ya kitabu chako, mwaka kwa mwaka, na mvua pia, mahindi yasikomae mwezi wa nne.

Mkataba

Ukipata barua ya kukubaliwa, furahia, halafu usisaini siku hiyo. Tafuta wakili akusomee, hata kwa ada ndogo.

Kazi yako ina hakimiliki tangu ulipoiandika, haingoji kusajiliwa, ingawa kusajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunasaidia ukija kuwa na kesi. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo unachosaini kinawahusu mpaka wajukuu. Angalia kama unawapa kampuni ruhusa ya kuchapisha ama unawahamishia hakimiliki yenyewe kabisa, hizo ni vitu viwili tofauti sana. Uliza kuhusu filamu, tafsiri, kitabu cha kusikiliza. Uliza kitabu kikiisha dukani na wasichapishe tena, haki zinarudi kwako baada ya muda gani, hiyo iandikwe. Uliza utapata nakala ngapi za bure na taarifa ya mauzo inakuja lini.

Kwa mirabaha, yaani pesa yako kwa kila nakala inayouzwa, asilimia 10 hivi ni ya kawaida, lakini ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 600. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni 60. Lakini kama mkataba unasema asilimia 10 ya kile kampuni inapokea, na duka limepewa punguzo la asilimia 30, kampuni imepokea 420 na wewe unapata 42. Vikiuzwa nakala 1,000 kwa mwaka ni 42,000 badala ya 60,000, halafu kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa, unabaki na 39,900. Gawanya kwa miezi 12, ni 3,325 kwa mwezi. Nimeiandika hiyo hesabu yote ili uone kwa nini nawaambia watu wasiache kazi. Fundisha, uza dukani, endesha salon, andika saa kumi na moja asubuhi watoto wakiwa wamelala. Kazi inalinda riwaya yako, inakupa nguvu ya kukataa mkataba mbaya.

Jiunge na KOPIKEN pia, wanakusanya pesa za vitabu kutolewa fotokopi na kugawia waandishi na wachapishaji.

Ukiamua kujichapishia

Ni njia halali na huku watu wengi wanaitumia, lakini pesa ya kwanza iende kwa mhariri kabla ya jalada na kabla ya mashine ya kuchapa. Mtu akikuambia atahariri riwaya nzima kwa siku tatu, huyo anapitisha tu macho. Muombe akuharirie peji tano kwanza, umlipe hizo tano, uone anauliza maswali gani. Akirekebisha koma tu na hana swali hata moja kuhusu hadithi, basi anakufaa kwa prufu, muundo tafuta mwingine. Andikeni makubaliano: maneno mangapi, aina gani ya uhariri, atapitia mara ngapi, dedlaini lini, malipo nusu mwanzo nusu mwisho. Na umlipe siku mliyokubaliana, wahariri wazuri wa kujitegemea ni wachache na wanaongea.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unaipata kupitia KNLS. Chapisha nakala chache kwanza, uuze, halafu rudi. Nimeona maboksi ya vitabu yakikaa chini ya kitanda miaka na miaka na hiyo inavunja moyo wa mtu mzuri.

Wakati unangoja

Andika hadithi fupi, zinakuzoesha kuhaririwa haraka na zinaweka jina lako mbele ya watu. Tuzo ya Commonwealth ya hadithi fupi inapokea Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, na hakuna ada ya kuingia. Kwa riwaya ya Kiswahili kuna ile tuzo iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell na baadaye ikachukua jina la Safal, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyochapishwa na wachapishaji ndio huwasilisha, kwa hivyo mkumbushe mhariri wako mwaka ukifika. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi kwa kawaida huwa Septemba pale Sarit, kama una nauli panda basi la usiku, zunguka meza zote, salimia wahariri ana kwa ana bila kubeba mswada mkononi, uliza wanatafuta nini.

Anza kitabu cha pili siku unayotuma cha kwanza. Na ukishachapishwa, jua wahariri huhama kampuni, hii inatokea sana na kitabu chako kinaweza kubaki bila mwenyewe ndani ya ofisi. Ukisikia anaondoka mwandikie kumshukuru, muulize nani anashika kitabu chako, na uombe muongee mkiwa watatu kwa simu kabla hajafunga meza. Komenti zake zote na ile karatasi ya maamuzi weka kopi yako, mhariri mpya atazihitaji, na namba ya yule anayeondoka usiifute. Huko anakoenda watamuuliza kama anajua mtu anayeandika vizuri na anayerudisha kazi kwa wakati.